Nguzo Iliyochaguliwa na Wananchi

Nitaieleza nchi hii kwa utaratibu, nikianza na mema yake, kwa kuwa si mengi na hayatatuchelewesha. Ina bendera safi. Ina Wizara ya Elimu yenye ghorofa tisa, na lifti inayofanya kazi hadi ghorofa ya Waziri. Ina wazazi wanaowapenda watoto wao. Ina walimu pia, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka ishirini na miwili, darasa la kwanza, Shule ya Msingi Bondeni.

Hali ya elimu haikuwa siri. Darasa langu lilikuwa na watoto tisini na sita na madawati kumi na manne. Choo cha wasichana kilibomoka mwaka wa mvua nyingi, na tangu hapo wasichana wakubwa walikuwa wakiomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na wengine hawakurudi. Tuliandika barua kumi na moja. Wizara ilizisoma zote kwa makini, ikaunda Tume, nayo Tume ikazunguka nchi nzima kwa miezi minane, ikarudi na jibu ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amelifikiria: shule zilikuwa mbaya kwa sababu wazazi hawakuwa huru kuchagua.

Nakiri kwamba tuliona aibu. Miaka yote hiyo sisi tulidhani ni choo.

Waraka ulifika siku ya Jumatatu. Uliagiza kwamba kila mzazi katika wilaya yetu awe huru ifikapo Ijumaa ya wiki ya tatu, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Mzazi ambaye angechelewa kuwa huru, bila sababu ya maandishi, angechukuliwa hatua.

*

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kura za karatasi zilikataliwa, kwa kuwa karatasi huwapa watu nafasi ya kujificha. Wazazi wa kila mji wangekutana katika uwanja wao wa mpira. Kila shule ingewakilishwa na mwalimu mmoja aliyeshika bango lenye jina la shule yake. Mzazi angekwenda kusimama nyuma ya bango analolitaka. Saa saba filimbi ingepulizwa, milolongo ingehesabiwa, na shule yenye wazazi wasiofika mia moja ingehesabiwa kuwa imekataliwa na wananchi, nayo ingefungwa.

Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Mtengwa, alituita katika ofisi yake, walimu wote, kumi na wawili pamoja naye, akatusomea waraka huo akiwa amesimama. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea. Aliporuka ukurasa mmoja alisema hivyo waziwazi.

"Hapa ni vifungu vya kawaida tu," alisema. "Tarehe, mihuri, mambo ya nani atahifadhi bango. Tusipoteze muda. Sasa, nani atashika?"

Mwalimu wa hisabati alisema kwamba mgongo wake unamsumbua. Mwalimu wa sayansi alisema yeye ni mfupi, bango halitaonekana. Wengine waliangalia sakafu, ambayo haikuwa na kitu cha kuangalia.

"Mimi nina jina moja tu," alisema Bwana Mtengwa. "Mwalimu Perpetua. Hebu fikirini. Nusu ya wazazi wa mji huu wamesomeshwa na yeye. Kila mtu hapa mwenye miaka chini ya thelathini, huyu ndiye aliyemshika mkono akaandika jina lake. Nani atathubutu kumgeuzia mgongo?"

"Hakuna," walisema wote kwa pamoja, kwa haraka ambayo niliichukulia kuwa upendo.

"Dada yangu," alisema, akanishika bega, "hii shule iko mikononi mwako."

Nilikubali. Nisingependa msomaji afikiri kwamba nililazimishwa.

*

Washika mabango wa wilaya nzima tulipelekwa kwenye Semina ya Kusimama, iliyochukua siku tatu. Mkufunzi alikuwa Bwana Kiwamba, Afisa Chaguo wa Wilaya, mtu mnyoofu mwenye shati la mikono mirefu na kalamu nne mfukoni. Siku ya kwanza tulijifunza kusimama. Siku ya pili tulijifunza kusimama kwa muda mrefu. Siku ya tatu ilikuwa ya maadili.

"Mwalimu haruhusiwi kuzungumza na mzazi," alisema Bwana Kiwamba. "Hiyo ni kampeni. Haruhusiwi kutabasamu. Hiyo nayo ni kampeni. Na zaidi ya yote, haruhusiwi kugeuka nyuma."

Niliinua mkono. "Kwa nini tusigeuke, Bwana Afisa?"

"Mama, fikiria wewe ni mzazi. Umesimama kwa uhuru wako. Ghafla mwalimu anageuka, anakutazama usoni. Hayo si vitisho?"

"Sasa tutajuaje kama kuna watu nyuma yetu?"

"Hamtajua," alisema kwa upole. "Hapo ndipo uhuru ulipo."

Tulipewa vyeti. Changu kilisema kwamba nimefuzu kusimama katika daraja la pili. La kwanza lilihifadhiwa kwa mgeni, tukaambiwa, ambaye hakuweza kuhudhuria.

Mgeni huyo alikuwa Akademia ya Upeo.

Akademia ya Upeo ilikuwa shule mpya, ya pili katika mji wetu. Mmiliki wake alikuwa shemeji yake Waziri, jambo ambalo Waziri alilieleza Bungeni kuwa ni sadfa ya kifamilia. Ilijengwa katika kiwanja kilichopakana na chetu. Ilikuwa na geti la chuma lenye simba wawili waliopakwa rangi ya dhahabu. Ilikuwa na sare: suruali ya kijivu, sketi ya kijivu, koti, tai. Ilikuwa na bango kubwa barabarani lililosema kwamba hapa masomo yote ni kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Nyuma ya geti palikuwa na majani.

Siku moja nilimuuliza mlinzi wao madarasa yatakuwa wapi.

"Awamu ya kwanza ni geti, Mwalimu," alinijibu. "Awamu ya pili ndiyo madarasa."

"Na walimu?"

"Hao wamo katika awamu ya pili."

Kwa kuwa haikuwa na mwalimu wa kushika bango lake, Akademia iliomba kibali maalumu, na Wizara ikakitoa siku hiyohiyo. Bango lingeshikwa na nguzo.

*

Wiki ya mwisho wazazi walipita nyumbani kwangu mmoja mmoja. Sikuwaalika. Walikuja kunitia moyo, na mmoja wao alikuwa Tunu, fundi cherehani wa karibu na soko, ambaye nilimfundisha darasa la kwanza akiwa mtoto anayelia kila akiona ubao. Sasa binti yake mwenyewe alikuwa ameanza kwangu mwezi wa kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tunu. Kazi zinakwendaje?"

"Kazi tele, siku hizi nashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwalimu, mimi nimekuja kukwambia jambo moja tu. Ijumaa utanikuta mgongoni pako. Wa kwanza. Watu waseme wasemayo."

"Wanasemaje?"

"Ah, maneno ya watu! Eti Bondeni choo hakuna. Kwani wewe ndiye choo?"

Tulicheka sana. Nilimpa chai. Nilimwona ana vumbi la nyuzi za kijivu kwenye mikono ya gauni lake, nikadhani ni kitambaa cha mteja.

*

Ijumaa niliingia uwanjani saa mbili kasoro, nikachukua nafasi yangu. Mbele yangu lilikuwa jukwaa la wageni. Hatua thelathini kushoto kwangu ilisimama nguzo, imenyooka, haina tabasamu, haina vitisho. Bwana Kiwamba aliipita akaitazama kwa kuridhika. Kisha alinipita mimi akaniambia niinue kidevu.

Waziri alifungua shughuli kwa hotuba.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi mtoto wa nchi hii amekuwa mfungwa wa ukaribu! Amesoma shule iliyo karibu na kwao, kwa sababu gani? Kwa sababu iko karibu na kwao! Je, huo ni utu?"

"Si utu!" walijibu watu.

"Leo tunamfungulia! Leo mzazi ndiye Waziri, na Waziri ni mtumishi wenu tu, anayekaa kivulini kwa sababu za kiafya!"

Filimbi ikalia, uhuru ukaanza.

Nilisimama. Jua lilikuwa la upande wa kulia, kisha likawa la utosini. Kwa kuwa sikuruhusiwa kuona, nilisikiliza. Mwanzoni nilisikia miguu mingi ikipita, kama watoto wanaotoka mapumzikoni, nikashindwa kujua inakwenda wapi. Kisha nikasikia hatua zikija nyuma yangu na kusimama. Mtu alishusha pumzi. Moyo ukanitulia.

Bwana Mtengwa alikuwa amepewa kazi ya uangalizi, hivyo aliruhusiwa kutembea. Alikuja karibu na bega langu.

"Wanakuja, Mwalimu," alininong'oneza.

"Wengi?"

"Wewe simama. Wanakuja."

Na kweli walikuwa wanakuja. Kila baada ya muda nilisikia hatua nyingine, za polepole, zikitokea upande wa kushoto, zikifika nyuma yangu na kukoma. Niliwaza kwamba hao ni wale waliovutwa na geti, wakatafakari, wakabadili nia. Hilo lilinifurahisha kuliko kama wangekuja moja kwa moja. Nilijiambia kwamba mtu aliyepima mambo kisha akakuchagua ndiye mtu wako hasa. Bango lilianza kuwa zito saa tano hivi. Nililikaza. Nilifikiria mlolongo wangu unavyokatiza uwanja, unafika barabarani, unapinda pale kwa fundi baiskeli.

"Bado wanakuja?" nilimuuliza Bwana Mtengwa alipopita tena.

"Sasa hivi amekuja mwingine," alisema.

Nashukuru kwamba hakunidanganya hata mara moja.

Saa saba filimbi ilipulizwa. Bwana Kiwamba alitangaza kwamba washika mabango wanaweza kugeuka, nami nikageuka.

Nyuma yangu walikuwepo watu saba.

Niliwahesabu tena, kama ninavyowahesabu watoto baada ya mapumziko. Saba. Aliyekuwa mbele kabisa alikuwa Bibi Chausiku, muuza mkaa, anayemlea mjukuu wake Sikudhani. Nyuma yake alikuwepo baba mmoja asiye na viatu, na mama mwenye mtoto anayetembelea gongo, na wengine wanne waliokuwa wakiangalia chini.

Nyuma ya nguzo watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Walipinda kwa fundi baiskeli.

*

Katika mlolongo ule niliwaona watu ninaowajua. Nilimwona mwalimu wa hisabati, mgongo wake umenyooka vizuri. Nilimwona mwalimu wa sayansi. Niliwaona walimu kumi wa Shule ya Msingi Bondeni, kila mmoja na mwanawe mkononi, na wa kumi na moja alikuwa Bwana Mtengwa, ambaye uangalizi wake ulikuwa umekwisha mapema na ambaye alikuwa amesimama na binti yake mdogo aliyevaa tai.

Nilimwona Tunu pia. Hakuwa wa kwanza, lakini alikuwa wa nne. Nilimwendea, maana sasa niliruhusiwa kutembea.

"Tunu."

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikuitikia, na hilo halikuwa limewahi kunitokea.

"Usinitazame hivyo," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Sare zote hizi nimeshona mimi. Mia nne. Nimezishona nikimvika mwanangu mawazoni kila usiku. Ungekuwa wewe?"

"Uliniahidi."

"Niliahidi. Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Na bango la Kiingereza nimelisoma."

Katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kuandaa somo la namna hiyo.

Nilirudi kwa watu wangu saba. Nilitaka kuwashukuru. Nilimshika Bibi Chausiku mkono, nikamwambia sitasahau kwamba alinichagua.

"Usinishukuru, mwanangu," alisema. "Mimi nilianzia kule kule kwenye nguzo. Kuna meza pale. Wanauliza maswali. Mtoto ana viatu vya ngozi? Nyumbani nani anajua Kiingereza? Nikawaambia nyumbani tupo mimi na yeye na mkaa. Wakaniambia niende kuchagua kwingine."

Niliwatazama wale sita wengine. Wote walitikisa kichwa kukubali. Hatua zile za polepole zilikuwa zao.

Nilimfuata Bwana Kiwamba nikamuuliza kama meza ile ilikuwa halali.

"Mama, uhuru una pande mbili," alisema. "Mzazi anachagua shule, na shule inachagua mzazi. Ungependa shule nayo iwe mtumwa?"

Matokeo yalisomwa kwa kipaza sauti. Akademia ya Upeo, iliyowakilishwa na nguzo, wazazi mia tatu tisini na mmoja. Shule ya Msingi Bondeni, iliyowakilishwa na Mwalimu Perpetua, wazazi saba. Waziri aliipongeza nguzo kwa nidhamu, akasema kwamba walimu wa nchi hii wana jambo la kujifunza kwake. Ilipewa cheti cha daraja la kwanza, kikafungwa kwa kamba.

*

Awamu ya pili ilikamilika Jumapili. Ilikuwa kazi ya siku moja. Walibomoa ukuta uliotenganisha kiwanja chao na chetu, na kwa njia hiyo Akademia ikapata madarasa tisa, mbao tisa za kuandikia, madawati, mti wa kengele, na choo kilichobomoka. Walimu nao walipatikana papo hapo. Walikuwa kumi na mmoja, wenye uzoefu, akiwemo Mwalimu Mkuu mwenye sauti nzuri.

Nilimkuta Bwana Mtengwa ofisini mwake. Ilikuwa ofisi ileile; kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

"Mimi nafundisha darasa gani?" nilimuuliza.

Aliinuka akafunga mlango.

"Keti, dada."

"Nitasimama. Nina cheti."

Hakucheka. Alifungua droo, akatoa waraka, akaufungua kwenye ule ukurasa wa vifungu vya kawaida. Kifungu cha tisa kilikuwa kifupi. Shule ikikataliwa, walimu wake watahamia shule iliyochaguliwa, isipokuwa mshika bango, ambaye ndiye aliyekataliwa na wananchi.

"Ulikijua," nilisema.

"Nilikijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya kikao. Sote tulikijua. Tulikaa tukazungumza. Mwalimu, nielewe, lazima mtu mmoja angekataliwa, hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mwenzako wa hisabati ana watoto watano. Mimi nina huyu mdogo. Wewe wako wamekua, wana kazi zao. Na tulijua ukishika wewe, utashika vizuri."

"Ungenisomea."

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Ndiyo sababu sikukisoma," alisema, na nadhani siku ile alikuwa na huzuni ya kweli. Aliniomba kitu kimoja kabla sijatoka. Aliomba maandalio yangu ya masomo ya darasa la kwanza, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyewahi kulifundisha, na watoto hawakuwa na kosa.

Watoto hawakuwa na kosa. Nilimpa.

*

Wizara haikunisahau. Ilinitumia Fomu ya Uhuru wa Mwalimu, iliyonipa haki ya kuchagua vituo vitatu vya kazi kwa mpangilio wa kipaumbele. Niliijaza kwa mwandiko wa ubaoni. Kituo cha kwanza: Bondeni. Kituo cha pili: Bondeni. Kituo cha tatu: Bondeni.

Jibu lilikuja kwa haraka isiyo ya kawaida. Lilisema kwamba nimechagua mara tatu shule isiyokuwepo, kwamba mtu mwenye elimu yangu hawezi kufanya hivyo kwa makosa, na kwamba kwa hiyo nimechagua kuacha kazi. Wizara inaheshimu uamuzi wangu na inanitakia mapumziko mema.

Siku hiyohiyo Bibi Chausiku alikuja kwangu na bahasha kama yangu. Mjukuu wake Sikudhani alikuwa pembeni yake, amevaa sare ya Bondeni, imefuliwa na kunyooshwa. Alikuwa ameivaa kila asubuhi kwa wiki mbili.

"Hodi, mwanangu. Nimeletewa barua na mimi, kutoka serikalini. Sijawahi kuletewa barua. Hebu nisomee."

Nilifungua nikasoma. Barua ilimpongeza Bibi Chausiku kwa kutumia uhuru wake. Ilimkumbusha kwamba shule aliyoichagua, mbele ya mashahidi, ilifungwa. Wizara ilitafakari ombi lake la kumtafutia mjukuu nafasi kwingine, na ikaona kwamba kufanya hivyo kungekuwa kuingilia chaguo la mzazi, jambo ambalo serikali haiwezi kulifanya kamwe.

"Maneno makubwa," alisema. "Kwa kifupi wanasemaje?"

"Wanasema umechagua, Bibi."

"Nimechagua nini?"

Niliipitia barua tena tangu juu, nikigeuza hata upande wa pili wa karatasi.

"Hawakuandika."

"Wewe ndiye mwalimu," alisema, akamvuta Sikudhani akakaa naye kwenye kizingiti. "Soma tena. Soma polepole, huyu naye asikie."

Nikasoma tena, kwa sauti ya darasani, nikitua kila penye nukta. Sikudhani alisikiliza bila kupepesa, mikono juu ya magoti, kama walivyofundishwa. Nilipofika mwisho aliinua kidole na kuuliza kesho yeye na wenzake waje kusoma saa ngapi.